Nilipeleka programu yangu ya mvua JOSS: uzoefu wangu

Kama unaandika programu za utafiti na hapo kazini huna wa kuzikagua, huduma hii naipendekeza. Ila ujue mapema wanachokifanya na wasichokifanya.

JOSS, yaani Journal of Open Source Software, ni jarida lililoanza mwaka 2016 kwa ajili ya programu za utafiti ambazo msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda programu, uko wazi kwa yeyote. Unaambatanisha makala fupi, lakini kinachopitiwa hasa ni programu yenyewe. Wahariri na wapitiaji wanajitolea. Wengi ni watafiti ambao nao huandika programu. Mwandishi halipi, msomaji halipi. Kwa sisi tunaotajiwa ada za majarida kwa dola, hapo tu nilishawishika.

Programu yangu nimeiandika kwa R, lugha ya kuandikia programu za takwimu. Inasoma vipimo vya mvua vya kila siku na kukadiria mvua za masika zilianza lini katika kila kituo. Niliwahi kuitumia kwenye makala ya jarida jingine, na hakuna aliyeomba hata kuiona. Huku JOSS, wapitiaji wawili waliipakua, wakaisakinisha na kuiendesha, mmoja kwenye Linux, mwingine kwenye Windows.

Mmoja akauliza: siku ambayo kipimo hakikuandikwa, programu inaichukuliaje? Anayefanya kazi na madaftari ya vituo vya mvua anajua uzito wa swali hilo. Nafasi tupu huenda ni siku kavu, au ni siku ambayo msoma kipimo hakufika. Ukiijaza sifuri, unatengeneza ukame ambao haukuwepo, na msimu ulioanza kweli unahesabiwa kuwa bado. Programu ilikuwa inatofautisha mambo hayo mawili, lakini mtumiaji mgeni angejuaje? Tukayaandika kwenye maelezo, kisha tukaongeza jaribio linalojiendesha lenyewe, lenye data za wiki iliyojaa mapengo. Siku hizi mwanafunzi akigusa sehemu hiyo vibaya, jaribio linamkatalia kabla mimi sijaambiwa.

Mambo ya leseni na maelekezo ya kusakinisha yana orodha yake, yanakwisha haraka. Mazungumzo yote ni ya Kiingereza na yako hadharani GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kujadili msimbo, majina ya wapitiaji yakionekana. Mwanzoni inatia haya kidogo. Uzuri ni maandishi matupu, bando haliumii.

Sasa wasichokifanya. Hawakuandikii msimbo. Sayansi yako pia hawakutetei: kigezo nilichokitumia kuamua msimu umeanza hawakukijadili, ilitosha kuwa programu inakifuata kama nilivyodai. Kijiprogramu kifupi cha kuchorea grafu moja usikipeleke, kitarudishwa. Na kwa kuwa watu hawa wana kazi zao, ukiwa na tarehe ya kupandishwa cheo inayokukimbiza, usiitegemee JOSS pekee. Mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19, walisitisha kwa muda kupokea kazi mpya ili wasiwaelemee wanaojitolea. Mimi naona walifanya sawa.

Ikikubaliwa, nakala ya programu inahifadhiwa kwenye hazina kama Zenodo na makala inapata namba yake ya DOI, yaani kitambulisho cha kudumu mtandaoni, kwa hiyo anayeitumia ana cha kunukuu. Nami nimejiandikisha kuwa mpitiaji. Nimepewa programu ya maji ya ardhini, na hadi sasa tunasumbuana kwenye kuisakinisha.