TAHADHARI: Muuzaji wa DVD wa Kariakoo anayetuma mikoani kwa basi ni tapeli, msimtumie hela

Kuna kijana anauza DVD kupitia WhatsApp. Anasema duka lake liko Kariakoo, jirani na Mtaa wa Congo, na anatuma mzigo mkoa wowote kwa basi. Msimtumie hela. Narudia, msimtumie hata shilingi mia. Mimi kanidhulumu laki moja na ushee, na hela ni hela, lakini hela inatafutwa. Aibu aliyonivisha ukweni mbele ya baba mkwe wangu hakuna wa kunivua.

Kwa nini nilikuwa natafuta filamu za kupeleka ukweni Ludewa wengi wenu mnajua, na pole mlishanipa, hapo sirudii. Baba mkwe anaumwa, hatoki nje tena, ndiyo hivyo. Deki ipo, sola ipo, mtandao wa kule unaupata ukipanda kilimani. Na kabla hamjaniuliza kwa nini sikujaza filamu kwenye fleshi: TV yao ni ile ya chogo, na deki yenyewe tundu la fleshi lilishakufa. Inacheza diski tu. Kwa hiyo ilikuwa DVD au hakuna kitu.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana tayari kuna mtu ameniambia "dada, mbona ulimwamini kirahisi". Sikumwamini kirahisi. Wauzaji wengine niliowauliza walinitumia orodha ndefu na neno moja, "chagua". Huyu hakunitumia orodha. Alinipigia. Akaniuliza, "Dada, nani anaangalia?" Nikamwambia ni nyumba nzima, kuanzia mzee hadi watoto. Akasema basi tupange mtu kwa mtu. Mzee anasikia Kiingereza? Hasikii. Anapenda nini? Nikasema mapanga ya Kichina na vita. Akasema basi mzee tunamwekea kung fu zilizotafsiriwa, tena akamtaja Lufufu, yule mtafsiri wa filamu, kabla mimi sijamtaja, na baba mkwe wangu akisikia sauti ya Lufufu hata dawa anakunywa bila kubembelezwa. Mama mkwe ni mtu wa Kihindi cha zamani, enzi za Amitabh na Mithun, zile za mama kapotezana na watoto wake na wanakuja kutambuana mwishoni. Wifi yangu mkubwa anataka Kinaijeria, Aki na Ukwa, na vichekesho vya Mzee Majuto. Mdogo wake yuko kwenye sizoni za Kikorea. Yote hayo aliyaandika, nikamsikia anaandika, akanisomea moja moja nisije nikasahau mtu.

Halafu akaniuliza watoto wana umri gani. Hilo lishikeni. Aliniuliza umri wa watoto.

Na kuna filamu alikataa kuniuzia! Niliitaka ya vita, mpya ya Marekani, akaniambia, "Hiyo usichukue dada, hiyo imerekodiwa ukumbini kwa simu, utaona vichwa vya watu na utasikia wanavyocheka, subiri itoke safi." Niambieni, tapeli gani anakukataza kununua? Nilikaa nikasema huyu kijana amelelewa. Akanipigia simu ya video, akanionyesha shelfu zimejaa kava, akachukua moja ya Bongo akaizungusha mbele ya kamera nikaona stempu ya TRA kabisa, akaitia kwenye deki ikacheza, picha safi, sauti safi. Alikuwa na fulana safi, nyuma yake redio ya mawaidha inasikika. Elfu tatu tatu kwa kila moja, jumla filamu thelathini, elfu tisini. Nikatuma na ya kutolea, na elfu kumi ya basi. Katuni za watoto akasema, "Hizo za wajomba zangu nakuongezea bure, dada'ngu."

Mzigo ulifika. Boksi limefungwa kwa gundi mpaka nikalikata kwa kisu. Kava za juu nilizifungua, nikajaribu mbili pale Njombe kwa jirani, zikacheza vizuri sana. Zilizobaki sikuzichana nailoni, zilikuwa zawadi, na zawadi haipelekwi ikiwa imechanwa.

Ludewa tulifika jioni. Baada ya kula tukapanga viti. Mzee akatolewa chumbani akaegemezwa kwenye kochi, mama mkwe pembeni yake, wifi zangu wote wawili, watoto kwenye mkeka, na majirani kwa sababu ilishasemwa kwamba mkwe wa mjini kaleta filamu. Tukaanza na Kihindi, ikacheza, mama mkwe akawa anatabasamu. Katikati watoto wakaanza kulia wanataka katuni walale. Mzee mwenyewe akasema wawekeeni watoto kwanza. Nikachukua kava la katuni, lina dubu wawili na ndege, nikachana nailoni mbele yao, nikaitia kwa mkono wangu mwenyewe.

Ilianza na kioo cheusi. Hakuna jina, hakuna mahali pa kuchagua lugha, hakuna kitu. Kisha kikatokea chumba na kitanda. Nikadhani ni tangazo. Ndugu zangu, sitaandika kilichofuata, mmeelewa. Ilikuwa imekatwa ianzie katikati, hakukuwa na nafasi hata ya kujua kinachokuja. Nikabonyeza rimoti haikushika. Nikaruka kwenye deki, kitufe cha kutolea CD kikagoma. Wifi mkubwa akavua kanga ya juu akaitupa juu ya TV, picha ikafunikwa lakini sauti inaendelea, na ile nyumba wana sabufa. Mtoto wa miaka sita anauliza, "Shangazi, huyo anaumwa?" Nikang'oa waya wa sola, nyumba nzima ikawa giza, na katika lile giza nikamsikia baba mkwe anakohoa anaomba arudishwe chumbani. Mzee wa kanisa. Mtu ambaye mimi tangu niolewe sijawahi kukaa naye kiti kimoja kwa heshima. Mama mkwe akaniambia tu, "Mwanangu, hizi umezinunua wapi?" Nikakosa jibu. Majirani wakaaga.

Kesho yake, mzee akiwa amelala, mimi na wifi tukapitia zote, sauti tumeifunga. Za juu ya boksi, zile alizojua nitazifungua, ni nzima. Za chini! Kung fu zilizotafsiriwa hazijatafsiriwa na mtu yeyote, ni Kichina kitupu na maandishi ya Kichina. Moja ni arusi ya watu, bwana arusi anakata keki. Nyingine CD ya kuwekea printa kwenye kompyuta. Zile sizoni za Kikorea ni sehemu ya kwanza tu imerudiwa kwenye CD zote, kava tofauti. Kuna moja imeandikwa filamu ishirini kwa moja, na nusu hazifunguki, zinazofunguka huoni kama ni uso wa mtu au ukuta. Na nyingine kadhaa deki inasoma inasoma halafu inaandika hakuna diski. Tulizihesabu zinazoangalika zote, hazijai mkono na nusu.

Nilimpigia. Akapokea kwa sauti ile ile tamu, "Dada'ngu, wazee wamefurahi?" Nikamwambia yote, hata la katuni, kwa uchungu. Akanyamaza, akasema itakuwa mzigo umebadilishwa kwenye basi. Basi gani linabadilisha CD ndani ya nailoni? Nilimfuata kondakta pale stendi, mtu mzima, akaniapia boksi lilivyoingia ndivyo lilivyotoka, na ile gundi nimeikata mwenyewe. Namwomba radhi huyo kondakta hapa hapa, maana nilimsemea maneno. Nilipomrudia kijana akaniambia nitume elfu ishirini anirudishie mzigo mwingine. Nilipokataa akasema, "Mama, kama umezoea za bure nenda kaangalie za jirani," akanifungia. Kutoka dada'ngu hadi mama, mchana mmoja.

Ninachotaka ni afungwe. Sheria ipo, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, utapeli umo na picha chafu zimo. Na huyu si mwizi wa kazi za watu tu, ingawa na hilo ni kosa kwa sheria ya hakimiliki ya 1999 na COSOTA, wasimamizi wa hakimiliki, wanapaswa kuingia kwenye hilo duka, kama ni duka kweli. Huyu alijua kava la dubu litashikwa na mtoto. Aliniuliza umri wao! Mtu wa namna hiyo asitozwe faini akaachiwa. Apelekwe mahakamani pale pale Kariakoo wamwone wenzake wanaouza kwa halali, maana kuna vijana wanauza CD zao vizuri miaka yote na sasa wote tutawaogopa kwa sababu yake. RB ya polisi ninayo, nimefungua Njombe. Ujumbe wake nimeutuma 15040, namba ya kuripoti matapeli, na ninyi mliopata wa kwake tumeni huko huko, msifute.

Mnaniuliza dalili. Jina lililotokea nilipotuma hela ni la mwanamke, yeye akasema ni la mke wake anayeshika hesabu. Lipa namba ya duka hakuwa nayo, "iko kwenye matengenezo". Shemeji yangu yuko Ilala, nilimwambia apite achukue mzigo mkononi, kijana akasema siku hiyo hafungui, amefiwa. Mwenye duka anayekukwepa kuonana na ndugu yako, mwacheni hapo hapo.

Kwenye diski zenyewe: geuza chini. Zile nzima zilikuwa za rangi ya fedha, zinang'aa, na zile mbovu zina rangi ya zambarau, hizo zimechomwa kwenye kompyuta. DVD ya kawaida ina GB 4.7, inatosha filamu moja ya saa mbili ikiwa na picha safi, kwa hiyo ishirini kwa moja hata kama si wizi macho yenu yataumia. Za Bongo angalieni stempu ya TRA, ilianza kuwekwa kwenye filamu na muziki mwaka 2013. Kwenye zangu stempu ni picha ya stempu, imechapwa pamoja na kava, ukipitisha kucha haina ukingo.

Na someni kava. Kulikuwa na moja imeandikwa "mpya kabisa ya Kanumba". Kanumba tulimzika Kinondoni Aprili 2012, nchi nzima inajua. Ni filamu ya zamani imepewa jina jipya. Nyingine ni Bruce Lee filamu kumi na tano. Bruce Lee alifariki Julai 1973, na za kung fu alizokuwa nyota yeye mwenyewe hazizidi tano, na ya mwisho ilimaliziwa wakati ameshakufa. Hizo nyingine ni za watu waliofananishwa naye wakapewa majina kama lake, na mzee wangu angewajua kwa ngumi ya kwanza.

Mengine nimesahau, nitaongeza kesho nikitulia. Kubwa ni katuni. Diski yoyote ya mtoto, hata akikuuzia ndugu yako wa damu, iangalie peke yako mlango umefungwa kabla hujaiweka mbele ya mtu.

Kava zote ninazo, diski zote ninazo, mazungumzo yote nimeyapiga picha. Namba zake naambiwa ni zaidi ya moja na anabadilisha picha, sasa hivi kaweka ya msikiti, kabla ilikuwa ya mtoto mchanga. Anayemjua kwa sura aje inbox nimwonyeshe ile video, niliihifadhi. Na aliyedhulumiwa kama mimi asione haya, aje tuungane, askari aliyenipokea ameniambia tukiwa wengi jalada linakwenda haraka.