Kumtafuta baharia aliyezama vitani kwa tovuti ya CWGC: inamfaa mtu wa Kigoma?

Inamfaa, kwa sharti moja: uingie na jina la meli au tarehe iliyozama. Ukiingia na jina la babu peke yake, utazunguka mpaka bando liishe.

CWGC ni Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Orodha yake ina majina yapata milioni 1.7 ya waliokufa katika Vita Kuu zote mbili, wakiwemo mabaharia wa meli za biashara ambao hawana kaburi ila bahari. Kutafuta ni bure.

Kinachowapoteza wengi ni kile kichujio cha aina ya utumishi. Familia inajua mzee alizama na meli, basi inachagua Merchant Navy, yaani mabaharia wa biashara. Kama alikuwa askari aliyepakiwa kwenye meli hiyo, hapo hatokei kamwe. Yumo kwenye jeshi la nchi kavu. Chukua meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Kilindini kwenda Colombo ikapigwa topido na nyambizi ya Kijapani I-27 tarehe 12 Februari 1944. Ilizama kabla ya dakika mbili kutimia, wakafa watu 1,297. Ndani yake kulikuwa na wapiga mizinga wa Afrika Mashariki, Kikosi cha 301, na zaidi ya 600 kati yao wameandikwa kwenye mnara ulio ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, Barabara ya Ngong. Baharia wa biashara Mwingereza aliyepotea baharini hutafutwa kwenye mnara wa kumbukumbu wa Tower Hill, London. Baharia wa Kihindi yumo kwenye vitabu vya kumbukumbu vya Mumbai na Chittagong. Meli moja inaweza kukupeleka mabara matatu.

Kichujio cha nchi nacho kina mtego. Kinauliza mnara uko nchi gani. Hakiulizi marehemu alitoka wapi. Wapiga mizinga hao wako chini ya Kenya, hata yule aliyezaliwa Kasulu.

Kwa hiyo acha jina wazi. Chagua vita, jaza tarehe ya kuzama kwenye mwanzo na mwisho, halafu soma orodha nzima. Ikiwa ndefu mno, tumia kisanduku cha Additional Information, yaani maelezo ya ziada: jaribu Tanganyika, kisha Kigoma, Ujiji, Kasulu, Tabora. Usiandike Tanzania, jina hilo lilikuja 1964. Majina ya watu wetu yaliandikwa na makarani kwa kusikia, basi Ramadhani mtafute pia kama Ramazani, Hamisi kama Khamis, na jina la baba lijaribu mahali pa ukoo. Kwa mabaharia wa biashara, mbele ya jina la meli utaona S.S. (meli ya mvuke), na nyuma yake, ndani ya mabano, bandari ilikosajiliwa. Linakili neno kwa neno. Hata Tower Hill majina yamepangwa kwa meli, nahodha akitangulia.

Kutomwona mtu hakumaanishi hakufa vitani. Baharia wa biashara huingizwa tu ikiwa vita ndivyo vilivyomuua. Aliyekufa kwa malaria bandarini hayumo. Askari huingizwa kwa kifo chochote kati ya 3 Septemba 1939 na 31 Desemba 1947. Kwa Vita vya Kwanza hali inauma zaidi: ripoti ya Tume yenyewe ya 2021 ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina. Na kama mzee wenu alitumikia upande wa Wajerumani, kwenye Graf von Götzen (Liemba yetu) au Hedwig von Wissmann iliyozamishwa Ziwa Tanganyika 9 Februari 1916, hapa si mahali pake. Wafu wa Ujerumani hushughulikiwa na Volksbund, shirika la Kijerumani la makaburi ya vita.

Upungufu mkubwa ni kwamba rekodi inakupa kifo, maisha haikupi: cheo, meli, tarehe, pengine umri na wazazi. Safari zake zimo kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza, Kew. Fungu la BT 382 lina kumbukumbu za utumishi wa mabaharia kuanzia 1941, na BT 389 lina kadi za mienendo ya meli wakati wa Vita vya Pili. Nakala hulipiwa, hivyo anza na BT 389: kadi zake zimepangwa kwa jina la meli, ambalo sasa unalo.