TAHADHARI: Kulanti "ya waridi ya Japani" inayozungushwa Malindi ni maji yenye rangi

Ndugu zangu wenye magari Malindi, Watamu, Mambrui na Gongoni, someni hili kabla hamjatoa pesa. Kuna jamaa anazunguka na pikapu akiuza kulanti, yaani kimiminika cha kupoza injini kinachotiwa kwenye rediata, kwenye galoni za lita 5, na ukinunua mbili anakusafishia rediata bure papo hapo. Ndani ya galoni zile mna maji na rangi, basi. Mimi ni fundi wa magari hapa mjini na magari aliyoyagusa yananijia gereji.

Maneno yake ni yale yale kwa kila mtu. Anafungua boneti, anaona kulanti ya kijani, anatikisa kichwa. "Mzee, hii ya kizamani inakula injini. Nikuwekee hii ya waridi, hutabadilisha tena mpaka uuze gari." Mwenye Honda anaambiwa ya samawati ipo. Anayetaka nyekundu, ipo pia.

Uongo wake unashika kwa sababu umechanganywa na ukweli. Aina tofauti za kulanti zipo. Ile ya kijani ya zamani hulinda chuma kwa silikati na kwa kawaida hubadilishwa kila baada ya miaka 2 hivi. Nyingi za kisasa hutumia asidi za kikaboni na hukaa miaka 5 au zaidi. Ile ya waridi ya Toyota huja imeshachanganywa na maji nusu kwa nusu, na hubadilishwa mara ya kwanza kwenye kilomita 160,000, halafu kila kilomita 80,000. Kwa hiyo hata iliyo halisi ina siku yake ya kumwagwa. Na rangi haithibitishi kitu. Kila kiwanda hutia rangi yake, mbili nyekundu zinaweza kuwa na dawa tofauti kabisa. Kinachosomwa ni maandishi ya galoni na kitabu cha gari.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mtu akishaibiwa hajui. Maji hupoza injini. Kwa kubeba joto yanaishinda hata kulanti yenyewe. Gari linaondoka limetulia, sindano ya joto iko mahali pake, na mwenyewe anakwenda kumsifu jamaa kwa majirani. Kilichokosekana ni ethilini glikoli, inayofanya maji yachelewe kuchemka, na dawa za kuzuia kutu. Tena huyu anatumia maji ya kisima. Mji wetu umekaa juu ya matumbawe, maji ya visima yana chokaa na mengi yana chumvi. Tazama magamba meupe ndani ya birika lako la chai. Magamba hayo huganda kwenye mirija ya rediata, na chumvi inakula alumini ya hedi (sehemu ya juu ya injini) na pampu ya maji. Wiki zinapita, ukifungua mfuniko unakuta tope la kahawia. Kisha siku umejaza abiria, jua la saa nane, AC inafanya kazi, injini inachemka na gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na injini, inaungua.

Mteja wangu mwenye Probox ya abiria lilimkuta hilo akielekea Mombasa, baada tu ya kuvuka Kilifi. Gari lile ndilo linalosomesha watoto wake. Sasa limelala, hedi imepinda, naye anatafuta pesa za kuisaga.

Hata huko kusafisha kwake ni maigizo. Anafungulia koki ya chini ya rediata, anapitisha mtungi mmoja wa maji, anafunga. Uchafu wa ndani ya bloku, yaani mwili wa injini, haujaguswa. Ukitaka kubadilisha aina ya kulanti sawasawa, anza injini ikiwa baridi, mwaga rediata, na kama bloku ina nati yake ya kumwagia ifungue. Jaza maji yaliyosafishwa kwa mvuke, yale ya kuongezea betri (si asidi yake), weka hita kwenye joto kali na uache injini ingurume mpaka themostati, vali inayopitisha maji kwenda rediata injini ikipata moto, ifunguke. Iache ipoe, mwaga, rudia mpaka yatoke safi. Hapa ndipo hata mafundi waaminifu hukosea: maji hubaki ndani ya bloku, na ukijaza juu yake kulanti iliyochanganywa tayari, unapata kulanti nyepesi. Tumia isiyochanganywa. Mfumo wa lita 6 utie kwanza lita 3 za kulanti, kisha umalizie na maji ya betri, na utoe hewa yote.

Kuijua ya bandia si kazi. Chukua kidogo, tia kwenye chupa yenye kifuniko, weka kwenye friza usiku mmoja. Iliyochanganywa nusu kwa nusu haigandi humo, kwa sababu huganda kwenye nyuzi 37 chini ya sifuri, na friza ya nyumbani haifiki huko. Isiyochanganywa ipunguze kwanza na maji kiasi sawa. Nilipima galoni zake za rangi tatu na zote asubuhi zilikuwa barafu ngumu. Chupa iandike SUMU na uitenge na chakula, maana kulanti halisi ina utamu na huua mtoto, paka au mbuzi akiinywa. Kwa sababu hiyo hiyo isimwagwe mtaroni.

Galoni ikiwa na alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, tuma SM# na namba iliyo chini ya alama kwenda 20023, uone kama jina la bidhaa linalingana. Jamaa hana risiti, na malipo anataka kwa namba ya simu ya mtu binafsi.

Kama tayari amekuwekea, usisafiri nayo. Isubiri injini ipoe, mwaga, safisha kama nilivyoeleza, mapema kabla kutu haijaanza. Galoni zake msizitupe, na ujumbe wa M-Pesa msiufute. Pelekeni vyote polisi mnapotoa taarifa, na anayeweza kupiga picha namba ya pikapu aipige.