TAHADHARI: Dalali anayeuza uhakiki wa miswada ya tiba ya mifugo, Lamu na Malindi

Assalaam alaykum. Nawaandikia madaktari wa mifugo, maafisa wa afya ya mifugo na wanafunzi wa uzamili walioko Lamu, Mokowe, Mpeketoni na Malindi. Kuna mtu anayejitambulisha kuwa mwakilishi wa jarida la kimataifa la tiba ya mifugo, naye anatuma ujumbe kwa WhatsApp akiuza vitu viwili visivyouzwa: uhakiki wa mswada (yaani makala ya utafiti kusomwa na kupimwa na wataalamu kabla ya kuchapishwa) ndani ya siku saba, na nafasi ya kuwa mhakiki, pamoja na cheti chake.

Mwandishi humtumia mswada na shilingi 15,000 kwa M-Pesa, na fedha hizo huingia katika namba ya simu ya mtu binafsi, si akaunti ya taasisi yoyote. Kabla ya wiki kwisha hurudishiwa ripoti mbili za wahakiki, barua ya kukubaliwa, na dai jipya la ada ya kupanga kurasa. Kijana mmoja niliyemsimamia katika mafunzo ya nyanjani alinionyesha ripoti alizopewa. Mswada wake ulihusu vidonda vya mgongoni vya punda wabebao mawe na mchanga hapa mjini. Mhakiki wa kwanza alimsifu kwa uchambuzi mzuri wa sampuli za maziwa, na wa pili akamtaka aongeze maelezo juu ya chanjo ya kuku. Katikati ya ripoti hiyo ya pili mlikuwa na jina la mwandishi mwingine kabisa, ambalo walisahau kulifuta. Mswada ule haukusomwa na mtu, hata kichwa chake.

Mimi huhakiki miswada ya fani hii, na najua kazi yenyewe ilivyo. Mhariri huusoma mswada kwanza, na mingi huishia hapo. Unaopita hupelekwa kwa wahakiki wawili au watatu wanaolijua somo, ambao kwa kawaida hawalipwi. Kwa mswada wa vidonda vya punda ningeuliza ni punda wangapi waliokaguliwa na walichaguliwa vipi, nani aliyevipima vidonda na kwa kigezo gani, idhini ya kufanya utafiti kwa wanyama ilitolewa na nani, na kama dawa ilitumika, kipimo chake kilitoka wapi. Swali hilo la mwisho si la urasimu. Mwili wa punda huiondoa dawa ya maumivu ya fenilibutazoni upesi kuliko mwili wa farasi, hivyo anayenakili ratiba ya farasi bila kuhojiwa humwacha punda na maumivu yake, na mwenzetu aliye Faza au Witu akiisoma makala hiyo huifuata akiamini kwamba imepimwa. Maswali kama hayo huchukua wiki kadhaa, mara nyingi miezi, na anayeahidi kukubali mswada kabla hajaufungua hahakiki chochote.

Upande wa pili wa biashara hii unaniudhi zaidi. Anayetaka nafasi ya uhakiki huombwa nakala ya kitambulisho, namba yake ya usajili katika Bodi ya Madaktari wa Mifugo, na shilingi 3,000 za cheti. Jarida la kweli halimtozi mhakiki hata senti. Nadhani hizo 3,000 ni za juu juu tu, na anachokitafuta hasa ni jina la daktari aliyesajiliwa, aliweke chini ya ripoti bandia ili ipate sura. Mbinu hiyo si ngeni duniani: mwaka 2015 kampuni ya kuchapisha majarida ya BioMed Central iliondoa makala 43 baada ya kugundua kuwa uhakiki wake ulighushiwa, na mwaka 2017 kampuni ya uchapishaji ya Springer ikaondoa makala 107 za jarida la Tumor Biology kwa sababu kama hiyo.

Msihadaike na namba ya ISSN anayoitaja kila mara, kwani namba hiyo hulitambulisha chapisho tu, haipimi ubora wake. Wala si kila jarida linalotoza ada ni la matapeli. Majarida mengi yanayosomwa bure hutoza waandishi, lakini hutangaza ada hiyo waziwazi, na kwa kawaida huidai baada ya mswada kukubaliwa. Tafuteni jina katika DOAJ, orodha ya majarida huria iliyoanzishwa mwaka 2003, kisha mlinganishe anwani ya tovuti herufi kwa herufi, maana wapo wanaoiga jina la jarida la kweli katika tovuti ya kughushi. Nilimwandikia mmoja wa wahariri waliotajwa na dalali huyu, kupitia anwani ya chuo kikuu chake, akanijibu kuwa hajapata kulisikia jarida hilo.

Aliyekwisha kutuma fedha aupeleke ujumbe wa M-Pesa kwa namba 456 upesi, huenda zikarudishwa kama hazijatolewa. Namba ya tapeli aipeleke 333, na mazungumzo yote ayahifadhi kwa ajili ya taarifa ya polisi. Kuhusu mswada, asisaini hati yoyote ya kuhamisha hakimiliki, bali aandike barua pepe ya kuuondoa na kuitunza nakala yake, kwa sababu makala ikishatoka huko, jarida la kweli halitaipokea tena. Yule kijana ametakiwa shilingi 20,000 za kuuondoa mswada wake. Hajalipa, na barua ya kuuondoa ameshaituma.