Draiva za kurekebishwa: ipi ninunue kwanza, ipi niiache

Mpira wa kwanza niliopiga kwa draiva hii mpya, ile fimbo ya gofu ya kupigia mbali, ulipinda kulia. Wa pili pia. Wa tatu ulianza katikati, ukanipa matumaini, kisha ukafuata wenzake. Sikushangaa. Slaisi, yaani huko kupinda kulia, ndiyo ugonjwa wangu wa miaka yote, na ndiyo ugonjwa wa wachezaji wengi wa kawaida. Siku ile sikwenda kujua kama draiva ni nzuri. Nilikwenda kujua kama ile spana ndogo inayokuja nayo ndani ya boksi inaweza kuutibu ugonjwa huo, na kwa kiasi gani.

Kwa hiyo hapa napanga draiva kwa aina ya marekebisho, si kwa jina la kampuni. Majina hubadilika karibu kila mwaka, lakini namna za kurekebisha ni chache na zinajirudia. Ukielewa namna hizo utaweza kuisoma draiva yoyote utakayoikuta, mpya au iliyotumika. Ninaposema kulia na kushoto nazungumzia anayepiga kwa mkono wa kulia. Wa mkono wa kushoto ageuze.

Kinachozunguka ni nini

Katika draiva hizi kichwa hakijagundishwa kwenye shafti, ule mti wa fimbo. Ncha ya shafti imevalishwa bushi, bushi inaingia kwenye shingo ya kichwa, na skrubu moja kutoka chini inavibana viwili hivyo pamoja. Tundu la bushi limetobolewa kwa mshazari kidogo sana. Ukiitoa, ukaizungusha na kuirudisha, shafti inaingia kichwani kwa pembe nyingine, na hapo mwinamo wa uso unaougonga mpira, yaani pembe inayouinua, hubadilika, pamoja na jinsi kichwa kinavyokaa chini.

Bushi ya kampuni ya TaylorMade ina nafasi 12 na hupandisha au kushusha mwinamo hadi digrii 2. Ya Ping ina nafasi 8, digrii 1.5 juu au chini. Titleist wana nafasi 16 tangu mfululizo wa 910 wa mwaka 2010, na Cobra katika DS-Adapt ya mwaka 2025 wamefika nafasi 33. Usivutwe na wingi huo. Tofauti kati ya nafasi mbili zinazofuatana mara nyingi ni ndogo kuliko tofauti kati ya swingi yako, yaani unavyoizungusha fimbo kupiga, ya asubuhi na ya jioni. Nilichohitaji mimi ni nafasi tatu au nne zinazotofautiana wazi, basi.

Kuna jambo moja ambalo muuzaji huenda asikuambie. Ukipandisha mwinamo kwa bushi, uso wa draiva ukiwa umekaa chini kwa soli yake unafunga, yaani unatazama kushoto kidogo. Ukiushusha, uso unafunguka kulia. Mwenye slaisi anayeshusha mwinamo akitafuta mpira wa chini unaokwenda mbali anaufungua uso wake bila kujua, na slaisi inaongezeka. Nimeona wenzangu kadhaa wakiilaumu draiva kwa kosa hilo. Mwenye slaisi apandishe, asishushe.

Marekebisho ya pili ni ya uzito. TaylorMade r7 quad ya mwaka 2004 ilikuja na vipande vinne vya uzito vya kuhamishwa kwa skrubu, na mwaka 2008 kanuni zikalegezwa zaidi, ndipo bushi za kuzungushwa zikaingia sokoni kwa wingi. Uzito ukiusogeza upande wa kisigino, karibu na shafti, kichwa kinajifunga kwa urahisi zaidi na mpira unavutwa kushoto. Ukiupeleka kwenye ncha ya kichwa, mbali na shafti, kinachelewa kujifunga na mpira unavutwa kulia. Ukiurudisha nyuma, mpira unapaa zaidi na kichwa kinavumilia makosa. Ukiuleta mbele karibu na uso, mzunguko wa nyuma wa mpira, yaani kujizungusha kinyumenyume ukiwa hewani, unapungua, na uvumilivu nao unapungua.

Nilivyoijaribu

Nilipiga mipira kumi kwa kila mpangilio, nikipumzika katikati, kwa sababu mwili uliochoka hutoa majibu ya uongo. Uso wa draiva niliupulizia unga mkavu wa miguu ule wa kopo, ili kila mpigo uache alama. Hili nakusihi ulifanye kabla hujalipa. Bila alama utadhani unapima draiva kumbe unapima mahali unapougonga mpira.

Sababu ni hii. Uso wa draiva si bapa, una uvimbe kidogo, na kitovu cha uzito kiko nyuma yake. Mpira ukigonga upande wa ncha, kichwa kinajisokota kikifunguka na mpira unapata msokoto wa kinyume unaourudisha kushoto. Ukigonga upande wa kisigino, unapewa msokoto wa kulia. Ukigonga chini ya katikati, mzunguko wa nyuma unaongezeka, mpira unapanda kama puto na kufa mapema. Alama zangu zote za mwanzo zilikuwa upande wa kisigino. Nusu ya slaisi yangu ilikuwa hapo, na hakuna skrubu inayoweza kuiondoa nusu hiyo. Nilipojirudisha nyuma kwa upana wa kidole, alama zikahamia katikati, na ndipo jaribio likaanza kuwa na maana.

Uzito ukiwa katikati, mpira uliendelea kupinda kulia lakini kidogo. Nilipouhamishia kwenye kisigino, kupinda kulipungua waziwazi, ila hakukuisha. Nilipopandisha mwinamo kwa digrii moja, mipira mingi ilianza kushoto kidogo na kurudi katikati, jambo ambalo sijaliona kwa draiva yangu ya zamani hata siku moja. Uso ulioonekana umefunga ulinisumbua macho kwa mipira mitatu minne ya kwanza. Baadaye niliuzoea. Wapo wasioweza kuuzoea, kwa hiyo simama juu ya mpira, uutazame uso vizuri kabla hujaamua. Draiva usiyoiamini kwa macho hutaipiga kwa moyo.

Mpangilio wangu

Ya kwanza: bushi pamoja na uzito mmoja wa nyuma wenye nafasi tatu. Ndiyo aina niliyoijaribu, na ndiyo ningemshauri mchezaji yeyote wa kawaida aianzie. Ping waliiweka nyuma ya kichwa cha G410 Plus mwaka 2019 na wameendelea nayo tangu hapo. Uzuri wake ni kwamba uzito unahama kati ya kisigino na ncha bila kuondoka nyuma, kwa hiyo unabadilisha upande mpira unaokwenda bila kuupoteza uvumilivu. Nafasi ni tatu tu, kila moja ina kazi yake, na mtu hapotei. Swingi yako ikinyooka mwakani, unarudisha uzito katikati na draiva inaendelea kukufaa. Hili la kukua nawe ndilo lililonifanya niiweke juu.

Ya pili: bushi peke yake kwenye kichwa kikubwa chenye uvumilivu wa juu. Hizi ndizo zinazotangazwa kwa alama ya 10K. Namba hiyo inahusu momenti ya inesha, yaani ukaidi wa kichwa dhidi ya kujisokota mpira unapogongwa nje ya katikati. Kanuni zinaruhusu gramu-sentimita za mraba 5,900 kuzunguka mhimili wa wima, pamoja na nyongeza ya 100 kwa makosa ya upimaji. TaylorMade Qi10 Max na Ping G430 Max 10K, zote za mwaka 2024, zilivuka 10,000 kwa kujumlisha mihimili miwili, ule wa kushoto na kulia na ule wa juu na chini. Si ujanja mtupu, kichwa kweli kinatulia. Kama alama zako za unga zimetapakaa uso mzima, aina hii ipande iwe ya kwanza kwako. Kasoro yake ni kwamba kichwa kinachokataa kujisokota kinakataa pia kujifunga, na mwenye slaisi ya uso uliofunguka anaweza kukuta mpira unaendelea kwenda kulia, tena ukiwa umetulia.

Ya tatu: kichwa kilichotengenezwa kiwe na uzito kisiginoni moja kwa moja. Mara nyingi ni chepesi, uso unaonekana umefunga kidogo, na bushi ipo kwa ajili ya mwinamo. Kwa anayepiga polepole na mwenye slaisi kubwa isiyosikia dawa, inaweza kuwa msaada mkubwa kuliko hizo mbili za juu. Nimeishusha kwa sababu moja tu: huwezi kuurudisha uzito ule katikati. Siku mwalimu wako akikurekebisha mshiko, draiva itaanza kukutupa kushoto.

Ya nne: reli ya uzito iliyo mbele, karibu na uso. TaylorMade SLDR ya mwaka 2013 ndiyo iliyoipa aina hii umaarufu. Uzito ulikaa mbele, mzunguko wa nyuma ukashuka sana, hata kampuni yenyewe ikawahimiza wachezaji wachague mwinamo mkubwa kuliko waliouzoea ili mpira upae. Wenye swingi ya kasi na ya kurudiarudia walifurahi. Sisi wengine tuliadhibiwa kwa kila mpira uliogongwa pembeni. Ukiikuta iliyotumika, usinunue ya digrii 9 kwa sababu tu ndiyo uliyokuwa nayo.

Ya tano: vichwa vinavyoupunguzia mpira mzunguko wa nyuma, vyenye uzito wa kubadilishana mbele na nyuma. Kama mashine ya rada haijakuonyesha kwamba mpira wako unazunguka kupita kiasi hata unapougonga katikati kabisa, huna kazi navyo.

Ya mwisho: iliyogundishwa, isiyorekebishwa. Si mbaya. Shingo yake ni nyepesi kwa kuwa haina bushi wala skrubu, na gramu hizo mtengenezaji anaweza kuzipeleka chini na nyuma. Lakini ukikosea mwinamo siku ya kununua, umekosea hadi utakapoiuza.

Kabla hujalipa

Bushi za kampuni moja haziingii kwenye kichwa cha nyingine, na hata ndani ya kampuni moja vizazi hutofautiana. Shafti yako nzuri ya zamani isikudanganye kwamba itahamia kwenye kichwa kipya. Angalia pia mshiko, ile sehemu ya kushikia juu ya shafti. Katika baadhi ya miundo, ukizungusha bushi shafti nzima inazunguka nayo, na mshiko wenye mgongo wa kuongozea vidole unageuka vibaya mkononi. Kama unakusudia kubadilisha nafasi mara kwa mara, weka mshiko wa mviringo.

Spana lazima iwe ile ya kampuni, inayolia ikifika kipimo chake. Mimi niliwahi kukaza kwa spana ya kawaida, nikakaza kidogo mno, na katikati ya mchezo kichwa kikaanza kugonga ndani kama njugu kwenye kopo. Kukaza mno nako huharibu skrubu. Ikilia, acha hapo.

Kwa iliyotumika, fungua skrubu utazame bushi ndani: nyufa, kutu, au gundi iliyochungulia ni sababu ya kuiacha. Kisha tafuta jina na mwinamo wa kichwa kwenye orodha ya draiva zilizoidhinishwa inayotolewa na R&A na USGA, vyombo viwili vinavyotunga kanuni za gofu. Orodha hiyo ina picha na alama za kila kichwa, na mimi huitumia pia kuzikamata za kughushi. Kichwa hakiruhusiwi kuzidi sentimita za ujazo 460, na urefu wa draiva nzima usizidi inchi 48. Tangu Januari 2022 waandaaji wa mashindano ya ngazi ya juu wanaweza kuushusha hadi inchi 46. Kwa mchezaji wa kawaida hata 46 ni ndefu, maana kila nusu inchi inakusogeza mbali na katikati ya uso.

Na spana ikae mbali na mkono ukishaanza mchezo. Kanuni ya 4.1a(3) inakataza kupiga kwa fimbo uliyoibadilisha tabia kwa makusudi katikati ya mchezo. Ukiibadilisha kisha ukaipiga, adhabu ni kuondolewa mashindanoni. Ukiirudisha ilivyokuwa kabla ya kupiga, huna kosa.

Yangu nimeiacha uzito ukiwa kisiginoni na mwinamo juu kwa digrii moja. Sasa natafuta shafti fupi kwa nusu inchi yenye bushi ileile, nipulizie tena unga na nione kama zile alama chache zilizobaki kisiginoni zitahama.