Siku niliyonyang'anywa kamba: mafunzo ya mashua ya tanga, Kigoma

Nimekaa na jambo hili miezi kadhaa nikijiambia yaishe. Hayajaisha, kwa hiyo naandika.

Nilipomaliza kidato cha sita nilijiunga na mafunzo ya ubaharia hapa Kigoma, Ziwa Tanganyika, kwenye mashua ya tanga. Tulikuwa vijana 12, wasichana watatu. Chakula na malazi sina neno. Majaketi okozi yalitosha na hakuna aliyepanda bila kuvaa. Hapo nawapa haki yao.

Kilichonichoma ni mkufunzi mmoja.

Kilikuwa kipindi cha kusi, ule upepo wa kusini, tumeshaipita rasi ya Bangwe tunaelekea Ujiji. Ndani ya ghuba maji hutulia, lakini ukitokeza tu nje, upepo unakupokea. Kusi ilikuwa inatoka huko huko tunakokwenda, ikabidi twende kwa bisho, mara upande huu, mara ule. Mimi nilishika demani, ile kamba inayolibana tanga lishike upepo. Mzee wetu nahodha alitufundisha tangu siku ya kwanza: upepo ukikuzidi usishindane nao, legeza demani, tanga liumwage. Na kamba hiyo haifungwi fundo. Unaizungusha mara moja tu, ncha unabaki nayo mkononi, ili uweze kuiachia wakati wowote.

Upepo ukaja wa ghafla. Mashua ikalala, maji yakaanza kuruka ukingo. Nikalegeza, mashua ikainuka. Nilifanya nilichofundishwa, tena kwa wakati wake. Mkufunzi akanirukia, akaninyang'anya kamba, akanisukuma pembeni: "Kaa huko! Wewe ni mzigo tu, kama gunia." Mbele ya wenzangu wote! Kamba ilikuwa imenichuna kiganja wakati inapita. Nikakunja ngumi ili wasione.

Hakuna aliyenitetea. Tulikuwa tumefundishwa kuvuta kamba kwa sauti moja, mmoja akichoka mwingine anapokea, na siku zote tuliambiwa chomboni hakuna mtu wa pembeni. Siku hiyo wote walitazama maji. Hata mzee alinyamaza, mkono kwenye usukani.

Jioni tulipotia nanga Kibirizi ndipo aliponiita. "Mwanangu, ulifanya sawa. Bila wewe tungejaa maji. Kesho demani ni yako." Nikaitika, asante baba, nikaenda kulala nimefura. Kwa nini hakuyasema kule kule, wakisikia?

Nilipanga kuandika msiwapeleke watoto wenu. Lakini nisiwe mwongo. Mkufunzi yule yule, siku nyingine, alitusimulia habari za meli ya Liemba nikasahau hata kupepesa macho: ilivyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande ikaunganishwa hapa hapa Kigoma, Wajerumani wakaizamisha wenyewe mwaka 1916, ila kwanza wakazipaka injini grisi nzito zisiharibike majini, Waingereza wakaiibua mwaka 1924 na ikafanya kazi tena. Alisimulia kama anamzungumzia ndugu yake. Anajua chombo, anajua ziwa. Na kesho yake, baada ya siku ile ya kunyang'anywa kamba, nilishika demani mpaka Ujiji, kiganja kimefungwa kitambaa, upepo ni ule ule, na sikulowa hata gauni. Furaha ile sijawahi kuipata darasani. Kama una binti, mpeleke. Ndiyo, mpeleke.

Halafu nakumbuka lile neno, mzigo, na nataka kufuta hayo niliyoandika. Ziwa lina kina cha mita 1,470 mahali pake pa chini kabisa. Mtu aliyekuokoa juu ya maji kama hayo humwiti gunia.

Ada yangu siidai. Nataka aniombe radhi, na aniombe mbele ya wale wale 11.