White Risk na taarifa ya maporomoko ya theluji ya Uswisi: uzoefu wangu

Kwa misimu kadhaa ya baridi nimekuwa nikipanda milima ya Graubünden, mashariki mwa Uswisi, kwa skii za kupandia mlima (vibao virefu vya kutelezea juu ya theluji), nje kabisa ya njia zinazokaguliwa na kulindwa na vituo vya michezo. Kabla ya kila safari huanza kwa kufungua White Risk, programu ya simu isiyolipiwa inayotolewa na SLF, taasisi ya utafiti wa theluji iliyoko Davos. Ndani yake mna taarifa ya hatari ya maporomoko ya theluji, ambayo katikati ya msimu hutolewa kila siku saa 11 jioni, kisha hupitiwa upya saa 2 asubuhi. Mimi nathamini zaidi toleo la jioni, kwa sababu safari ya mlimani huamuliwa mezani usiku wa kuamkia safari, wakati ambapo kusema "hatuendi" hakumwaibishi mtu.

Hatari hupangwa katika ngazi 5, na watumiaji wengi ninaokutana nao huishia kwenye namba hiyo, jambo ambalo kwa maoni yangu ni kuitumia vibaya huduma nzuri. Ngazi ya 3 iko katikati ya kipimo, hivyo huonekana kuwa ya wastani. Kumbe karibu nusu ya vifo vya maporomoko nchini humo hutokea katika siku zilizotangazwa kuwa za ngazi hiyo. Hatari haipandi kwa hatua zilizo sawa, na siku za ngazi ya 3 ni nyingi, mara nyingi zina jua na theluji mpya ya kuvutia. Tangu msimu wa 2022/23 kila ngazi kuanzia ya 2 huongezewa alama ya kutoa, ya sawa au ya kujumlisha, na tofauti kati ya 3 ya chini na 3 ya juu imewahi kubadilisha mipango yangu zaidi ya mara moja.

Uzito wa taarifa, hata hivyo, uko chini ya namba: mchoro unaoonyesha miteremko inayotazama upande gani, na kuanzia mwinuko gani, ndiyo yenye hatari kubwa, pamoja na aina ya tatizo lenyewe. Theluji iliyopeperushwa na upepo, kwa mfano, mtu mwenye mazoezi anaweza kuitambua kwa macho na kuizunguka. Tatizo la theluji ya zamani ni jingine kabisa, kwa kuwa tabaka dhaifu limefukiwa chini, linaweza kudumu kwa wiki nyingi, na huenda lisitoe dalili yoyote hadi uzito wa mtu mmoja ulivunje. Pengine hata mtu aliye kwenye tambarare chini ya mteremko huweza kuuporomosha. Nikisoma kwamba tatizo ni hilo, juu ya mita 2,200, upande wa kaskazini na mashariki, nahamia kwenye ramani ya programu hiyohiyo, ambako miteremko ya nyuzi 30 kwenda juu imepakwa rangi: njano, rangi ya chungwa kuanzia nyuzi 35, nyekundu kuanzia 40. Hapo nachora njia inayokwepa rangi hizo na pia isiyopita chini yake.

Lugha zilizopo ni Kijerumani, Kifaransa, Kiitaliano na Kiingereza. Tena taarifa ni utabiri wa eneo zima; haiwezi kukuambia lolote kuhusu mteremko mmoja ulio mbele yako. Kwa hiyo asiyewahi kupata mafunzo ya uwanjani atakuwa na ramani nzuri mkononi na bado hatajua afanye nini theluji ikinguruma chini ya miguu yake.

Wala programu haichukui nafasi ya kifaa cha mawimbi ya redio cha kHz 457 (hutuma ishara, na pia hutafuta ishara ya mtu aliyefukiwa), fimbo ya kupapasia ndani ya theluji na koleo. Uchambuzi wa ajali za Uswisi unaonyesha kwamba walio wengi kati ya waliofukiwa huwa hai wakifukuliwa ndani ya dakika 10, na baada ya hapo nafasi ya kupona hushuka kwa kasi. Helikopta ya Rega, shirika la uokoaji wa angani la Uswisi, inayoitwa kwa namba 1414, ni nadra kuwahi muda huo. Anayeokoa ni mwenzako wa safari.

Simu yenyewe huvuruga kifaa hicho cha mawimbi. Inapaswa kukaa umbali wa angalau sentimita 20 kinapotuma na sentimita 50 kinapotafuta, kwa hiyo kifaa hukivaa kifuani na simu huiweka kwenye mfuko wa suruali, upande wa pili. Baridi nayo humaliza betri upesi, ndiyo maana ukurasa wa taarifa na ramani ya njia huvichapa kwenye karatasi jioni ileile.